Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Mpaka kwa Mfuko Mdogo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa Lubumbashi wanaotaka kusafiri kwa njia ya nchi kavu, wengi kwa mara ya kwanza, hadi Zambia au mpaka Dar es Salaam. Tumechagua sita, na zile zinazofanana tumeziunganisha. Bei za nauli na za vyumba hatukuziandika. Zinabadilika upesi, na mtu aliyeshika bei ya mwaka jana kichwani huishia kugombana na mkata tiketi asiye na kosa. Tumeandika namna ya kuzipata na namna ya kuzipigia hesabu. Namba za mfano tumezitaja kuwa ni za mfano.

SWALI: Jambo wandugu. Nauzisha vikwembe (vitenge) kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nataka kufika Kariakoo kuangalia bei kwa macho yangu, bila kuchukua mzigo safari hii. Nina dola 500 na siku 12, kwenda na kurudi. Wenzangu wananiambia pesa itaisha njiani. Ni kweli?
Mama wa sokoni, komini ya Kenya

JIBU: Mama, inaweza kuisha njiani kweli, ila si nauli itakayoimaliza. Nauli utaijua kabla hujatoka nyumbani. Pesa humwagika katika saa chache tu: mpakani, kwenye kituo cha basi unaposhuka usiku hujui pa kulala, na kwa mbadilisha pesa ukiwa na haraka. Aliyezipanga saa hizo mapema anaweza kwenda na kurudi kwa dola 500. Asiyezipanga, hata 800 zitamponyoka.

Anza kwa kuuliza nauli ya kwenda na ya kurudi kwenye ofisi mbili au tatu za mabasi, na uulize kama mzigo unalipiwa kando. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, jumla ni dola 200. Ziweke kwenye bahasha yake, na ile nusu ya kurudi usiihesabu tena kama pesa yako. Tenga 40 kwa karatasi za mpakani. Tenga 60 za dharura, noti ya 50 na ya 10, mahali usipoweza kupafikia bila kufumua mshono. Zimebaki 200. Usizigawe kwa siku 12. Zigawe kwa 14. Siku ya kwanza katika kila nchi ngeni hula mara mbili: hujui gari za mjini, unapanda teksi, hujui mama wa chakula, unakula kituoni, hujui nyumba za wageni, unachukua ya kwanza unayoiona. Zambia siku moja na Tanzania siku moja, ndiyo hayo mafungu mawili ya nyongeza. Dola 200 kwa 14 ni dola 14 na senti kidogo. Hiyo ni pesa ya siku nzima: kulala, kula, kutembea na simu. Usiku utakaolala ndani ya basi hutalipa chumba, basi fungu lile lisogeze mbele likusaidie Dar.

Sasa njia. Wengi hupanda basi Lubumbashi hadi Lusaka, kisha wanatafuta basi la Dar. Tazama ramani kwanza. Kutoka mpakani Kasumbalesa barabara hupita Chingola, Kitwe na Ndola, halafu hukutana na Barabara Kuu ya Kaskazini pale Kapiri Mposhi. Lusaka iko kama kilomita 200 kusini mwa Kapiri, na basi la Dar likitoka Lusaka hupita palepale Kapiri kabla ya kukata kwenda Mpika na Nakonde. Anayeshuka Kapiri anaokoa kama kilomita 400, na mara nyingi malipo ya chumba cha usiku mmoja. Kasoro yake ni kwamba mabasi hufika Kapiri yakiwa yamejaa. Usishuke pale kwa kubahatisha. Piga simu kwenye ofisi ya basi Lusaka siku mbili kabla, uulize kama wanaweka kiti cha abiria wa Kapiri na unakilipiaje. Wakikataa, nenda Lusaka, ulale, uondoke na tiketi yenye namba ya kiti. Kwa safari ya kwanza, na kwa mama anayesafiri peke yake, sisi tungechagua Lusaka hata kama inagharimu zaidi. Kapiri iwe safari ya pili, ukiwa umeshaijua barabara. Kusimama kando ya njia jioni na mkoba mkononi, ukisubiri kiti ambacho hakipo, ni hatari na ni hasara pia, maana hapo utakubali bei yoyote.

Pale kituo kikuu cha Lusaka, Inter-City, na pia mpakani Nakonde na Tunduma, vijana watakushika mkono na mkoba kabla hujasema neno. Usiwakasirikie, ndiyo kazi yao, lakini malipo yao yamo ndani ya bei watakayokutajia. Tembea mpaka dirisha la ofisi, soma bei iliyobandikwa, lipa kwa mtu aliye nyuma ya dirisha, usiondoke bila tiketi yenye jina, tarehe, namba ya kiti na saa ya kuripoti. Pasipoti usimpe mtu yeyote akukimbizie muhuri. Inashikwa na wewe au na afisa aliyeketi mezani, basi.

Nakonde jaribu kufika mchana. Ukifika giza limeingia, lala upande huohuo wa Zambia, uvuke asubuhi. Ng'ambo ni Tunduma. Mbeya iko kama kilomita 100 mbele, na kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mabasi mengi ya Dar huondoka alfajiri, kwa hiyo anayevuka adhuhuri huenda akajikuta analala Tunduma au Mbeya hata kama hakupanga. Iweke kwenye hesabu tangu nyumbani.

Dar basi halikushushi mjini. Linaishia Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, na kutoka pale hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20. Hapa ndipo wageni wanapoliwa. Teksi ya usiku itakumalizia mafungu mawili ya siku kwa mkupuo mmoja. Ukifika mchana, panda daladala au mwendokasi pamoja na wenye mji. Ukifika usiku wa manane, tafuta chumba hapohapo Mbezi, uende mjini kukipambazuka.

Chumba: waambie unatafuta gesti. Ukiuliza "hoteli" unaweza kuonyeshwa mahali pa kula wali, maana Tanzania neno hilo lina kazi mbili. Omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Funga mlango kwa ufunguo mara mbili, fungua bomba, washa taa, tazama chandarua kama kimetoboka, uliza chai ya asubuhi imo ndani ya bei au la, na saa ya kutoka ni ipi. Nyingi ni saa nne asubuhi kwa saa yao, yaani 10:00. Lipa usiku mmoja tu. Asubuhi, ukiwa umelala vizuri na umeuliza gesti mbili za jirani, ndipo uombe kupunguziwa kwa usiku uliobaki. Aliyelipa siku tano mbele hana tena cha kuombea.

SWALI: Mimi mwanafunzi wa Kasapa. Nimesikia treni ya TAZARA ni rahisi kuliko basi. Nifuate hiyo?

JIBU: Kwa bei, kitanda cha kulala usiku kucha kikilinganishwa na kiti cha basi na usiku mmoja wa gesti, treni mara nyingi hushinda. Kwa muda, haishindi kamwe. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Ratiba huhesabu karibu siku mbili, na kuchelewa saa nyingi juu ya hizo ni jambo la kawaida. Treni za abiria zimewahi pia kusimama kabisa kwa vipindi, na sasa reli imo katika mradi mkubwa wa ukarabati. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kukunja nguo, ni kupiga simu kituoni kuuliza kama treni ya abiria inatembea juma hilo, inaondoka siku gani na saa ngapi.

Ikiwa inatembea, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili kina sita. Wanaume na wanawake hutengwa, isipokuwa kikundi kikilipia chumba chote. Kiti cha daraja la tatu kwa siku mbili usikichukue kwa ajili ya kubana pesa; utakachookoa utakimalizia kwa kulala siku nzima Dar. Kuna behewa la chakula, lakini treni ikichelewa chakula na maji ya kununua hupungua. Ingia na lita 5 za maji, mkate, karanga na ndizi. Choo ni cha treni: beba karatasi na sabuni yako.

Wabadilisha pesa hupanda ndani ya treni karibu na mpaka. Badili kiasi cha chakula cha siku moja tu, kwa noti ndogo. Na usikate tiketi ya basi au ya ndege ya kuunganisha siku ileile ambayo treni inatarajiwa kufika. Acha siku nzima katikati, bora mbili. Kama huna hiyo siku ya kupoteza, panda basi.

SWALI: Pale Kasumbalesa wabadilishaji ni wengi kuliko wasafiri. Nibadili wapi, na nibebe pesa gani: franka, dola au kwacha?
Baba wa Kamalondo

JIBU: Baba, beba dola kwa pesa kubwa, na franka za kukufikisha mpakani na kukurudisha nyumbani. Franka zetu zina soko Kasumbalesa na jirani yake. Ukifika Lusaka karibu hakuna anayezitaka, na Dar ni karatasi tu. Ziache kwenye bahasha za nauli ya kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi, ile njia ya kama kilomita 90, ili siku ya kurudi usilazimike kuvunja dola jioni.

Dola zenyewe zichague hapa, kwa kambisti (mbadilisha pesa) unayemfahamu. Sisi wa Congo tumezoea kukataa noti iliyochanika hata kidogo pembeni. Tanzania wanatazama pia mwaka. Noti zilizochapwa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa. Mwaka umeandikwa kwa herufi ndogo upande wenye picha. Noti za 1, 5 na 10 huko hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Chukua basi nyingi za 50 na 100, safi, zisizo na mhuri wala mwandiko wa kalamu, na uzibebe bila kuzikunja, ndani ya kitabu au bahasha ngumu.

Kuna jambo linalowashangaza watu wa Lubumbashi zaidi ya yote. Sisi tunalipa kwa dola dukani, hotelini, hata kwa fundi. Tanzania, tangu Machi 2025, kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa pesa za kigeni. Mwenye gesti akikataa dola yako hakudharau, anafuata sheria. Badili kwenye benki au duka la kubadilisha lenye leseni, uchukue risiti, ulipe kwa shilingi. Zambia nako maisha ya kila siku ni kwacha: gari za mjini, sokoni, chakula.

Usibadili mara mbili pesa unayoweza kuibadili mara moja. Tuseme, kwa hesabu tu, duka linanunua dola 1 kwa kwacha 20 na kuiuza kwa 21. Dola 100 zako zinakuwa kwacha 2,000. Ukizirudisha jioni hiyohiyo unapata dola 95 na kidogo. Karibu dola 5 zimekwenda na hujala hata bukari (ugali). Ndiyo sababu Zambia, kwa anayepita tu kwenda Tanzania, badili kiasi cha nauli, chakula na usiku mmoja, si zaidi. Kwacha zilizobaki zimalizie kwa maji na mkate Nakonde.

Kuhusu wabadilishaji wa barabarani: wengi wao ni watu wa kazi, wana familia, na bei yao huenda ikawa nzuri. Lakini mchezo mbaya upo, na unafanyika kwa njia tatu au nne zinazojulikana. Noti hukunjwa katikati ili moja ihesabiwe mara mbili. Mashine ya hesabu huwa imechezewa, kwa hiyo tumia ya simu yako mwenyewe. Unahesabu, unakuta pungufu, unamrudishia aongeze, anaongeza noti moja juu huku akichomoa tano chini. Pesa ukishazishika usizirudishe, mwambie aongeze tu mkononi mwako, na kama zilirudi kwake hesabu upya tangu ya kwanza. Halafu kuna mwenzake anayepiga kelele "polisi wanakuja" ili uzisokomeze mfukoni bila kutazama. Akisikika huyo, rudisha kwacha, chukua dola yako, ondoka.

Noti za zamani ni mtego mwingine. Mwaka 2013 Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha, na Machi 2025 ikatoa tena noti za sura mpya, ya kwacha 500 ikiwa miongoni mwake. Mgeni asiyejua sura anaweza kupewa karatasi isiyonunua kitu. Kwanza tazama noti mpya kwenye tangazo la benki au kwa abiria mwenzako wa Kizambia. Ukipewa noti ya maelfu mengi, elfu hamsini kwa mfano, hiyo ni ya kabla ya 2013.

SWALI: Kwa kuwa Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, carte d'électeur haitoshi kuvuka? Pasipoti ni ghali.
Kijana wa Ruashi

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu. Congo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini kadi ya mpiga kura si hati ya kusafiria, na njia yako kutoka hapa inapita Zambia, ambayo si mwanachama. Karatasi ya muda ya watu wa mpakani, hata ukipewa, ina eneo lake na siku zake. Ukikutana na polisi Kitwe au Lusaka haikulindi, na faini pamoja na kurudishwa ni ghali kuliko pasipoti.

Masharti ya viza uliza konsula ya Zambia na ya Tanzania hapahapa Lubumbashi, na uulize kwa pasipoti ya kawaida ya Congo, si kwa jumla. Msamaha wa viza nao una siku zake. Muhuri ukigongwa, simama hapo dirishani usome siku ulizopewa. Kama zimeandikwa 7 na wewe ulihitaji 20, ni rahisi kuomba pale pale kuliko kufuata ofisi ya uhamiaji Lusaka baadaye. Hakikisha pia una muhuri wa kutoka Congo kabla ya ule wa kuingia Zambia. Anayeuruka huo wa kutoka atakutana nao siku ya kurudi. Malipo yoyote ya kiofisi yana risiti. Iombe kwa adabu na uihifadhi.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Congo. Inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya basi ni kazi bure. Ukishachanjwa, tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha yote, hata kama ya zamani imeandikwa miaka kumi. Jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Na ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na ruhusa ya mzazi mwenzako iliyothibitishwa, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza, kwani afisa wa upande wa pili hasomi Kifaransa.

SWALI: Ndugu yangu alinitumia pesa Ndola, mwenye ofisi akakataa kunipa. Alisema majina hayafanani. Mimi ni mimi!

JIBU: Pole sana, mama. Kosa hili linawapata Wacongo kila siku, na chanzo chake ni majina yetu matatu. Sisi tuna nom (jina la ukoo), post-nom (jina la pili) na prénom (jina la ubatizo). Fomu za huko zina masanduku mawili, jina la ukoo na majina mengine. Mtumaji anaandika lile la nyumbani na la ubatizo, post-nom inaachwa, na mfumo unakataa.

Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti. Chini kuna mistari miwili yenye alama nyingi kama <<<. Mstari wa juu, baada ya herufi za nchi, jina lililo kabla ya alama mbili << ndilo la ukoo, na yaliyo baada yake ni majina mengine. Nakili hivyo hivyo, piga picha, mtumie ndugu kabla hajaenda kutuma, na utumie majina hayo hayo kwenye tiketi, kadi ya simu na gesti. Pesa ambayo imeshakwama, mtumaji aende alikotumia na risiti yake aombe kurekebisha jina. Haina haja ya kutuma upya na kulipa ada mara ya pili.

Pesa ya kwenye simu ya Congo usiitegemee ng'ambo. Jina la mtandao linaweza kuwa lilelile, Airtel hapa na Airtel Zambia, lakini akaunti ni ya nchi yake. Nunua laini ya huko kwenye duka la mtandao lenyewe, ukiwa na pasipoti, wakuandikishe kwa jina lako. Laini ya barabarani iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine ikifungwa, pesa iliyomo imekwenda. Ukiwa na kadi ya benki, toa kiasi kikubwa mara moja badala ya kidogo kila siku, kwa sababu ada ya benki ya huko na ya benki yako hukatwa kila unapotoa. Mashine ikikuuliza kama unataka hesabu ifanywe kwa dola, chagua pesa ya nchi ile. Hesabu ya mashine huwa na nyongeza ndani yake.

SWALI: Tunasema Kiswahili tangu tumbo la mama. Dar tutahitaji nini zaidi?
Wanafunzi wawili, Katuba

JIBU: Kidogo, lakini hicho kidogo kinagusa pesa. Mama wetu wa kwanza ameandika kwamba "anauzisha" vikwembe, na kila mtu wa Lubumbashi amemwelewa, maana kwetu kuuza ni kutoa pesa upate kitu, na kuuzisha ni kutoa kitu upate pesa. Kule Dar kuuza ndiko kutoa kitu. Ukiingia dukani Kariakoo ukasema "nataka kuuza simu," utaulizwa simu yako iko wapi na umeitoa wapi. Sema kununua.

Saa nayo. Huku tunahesabu saa kama Wafaransa. Mtanzania huhesabu tangu jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni 7:00, saa sita mchana ni 12:00. Ukiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, ni 6:00, na saa ya Tanzania iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, yaani simu ambayo hujairekebisha itakuonyesha 5:00. Kila mara mrudishie aliyekuambia: "Yaani jua likichomoza?" Kwenye tiketi iliyochapwa saa inaweza kuwa imeandikwa kwa namna ile nyingine, basi muulize mkata tiketi aisome kwa mdomo.

Bei kule msizitaje kwa Kifaransa. Jifunzeni kusema "elfu moja mia tano" kabla ya mpaka, na mtaani msikie jero kuwa ni shilingi 500, buku 1,000, buku jero 1,500. Salamu kwanza, na kwa mtu mzima "shikamoo". Anayeanza na "bei gani" bila salamu huuziwa kwa bei ya asiyejua watu. Kisha "naomba unipunguzie." Chakula cha bei nzuri kiko kwa mama ntilie, wali na maharage au ugali, ambao ni bukari yetu, sombe wao huiita kisamvu. Fika kabla ya saa saba mchana ya kwao, baada ya hapo mboga nzuri zimekwisha.

Na vitu vidogo vya mkobani. Plagi za Zambia na Tanzania nyingi ni za pini tatu bapa, za kwetu za mviringo haziingii, basi nunua kibadilisho hapa sokoni. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Pangeni nguo kwenye mifuko ya kitambaa, si sashe nyeusi. Magari ya nchi zote mbili hupita kushoto: mkivuka njia tazameni kulia kwanza, na mkisubiri daladala simameni upande wa kushoto wa barabara kwa kule mnakokwenda, la sivyo mtalipa nauli ya kurudi mlikotoka.